Akili Aliyoificha Gitau

Tulimzika Gitau siku ya Alhamisi, Kimbo, kwenye kiploti chake nyuma ya nyumba ya mawe, mvua ikitishia na isinyeshe. Pasta alisema marehemu alikuwa mtu mnyamavu, mpole, asiyependa makuu. Njeri, binti yake wa kwanza, ambaye sasa ni mwanamke wa miaka sitini na kitu mwenye magoti mabaya kama yangu, alinishika mkono akaninong'oneza, akiniita shangazi kwa Kikuyu, "Tata, sema maneno mawili. Wewe ndio umebaki kwa wale walifanya kazi na yeye." Nikasimama. Walinipa maikrofoni, ikapiga kelele, ikanyamaza. Nikasema tulifanya kazi pamoja mwaka mmoja tukiwa vijana, na kwamba alikuwa mtu wa akili nyingi. Kisha nikakaa. Watu waliitikia amina kama wanavyoitikia kila kitu mazikoni, wakaendelea kuangalia wingu. Nilirudi nyumbani, mtaa wa Landless, Thika, nimechoka hata kuvua viatu nikaona ni kazi ya kesho, nikakaa kwenye kiti na koti langu la mazishi, nikijiuliza ni ujasiri gani ulioniwezesha kulitamka neno hilo mbele ya jeneza lake, maana ni neno hilo hilo nililolisema nikiwa na miaka kumi na tisa, na lilimchukulia miaka mitatu ya maisha yake.

Sitasimulia nilikozaliwa wala wazazi wangu. Inatosha kusema kwamba nilitoka Maragoli kuja kukaa kwa dada yangu Thika, ambaye mumewe alifanya kazi kiwandani, na kwamba nilijua kusoma na kuandika Kiingereza. Mwaka ule wa hamsini na tano, kusoma na kutokuwa Mkikuyu vilitosha kumpatia mtu kazi. Wakikuyu wengi walikuwa wamekamatwa na serikali ya kikoloni kwa kushukiwa kuwasaidia wapiganaji wa msituni, na waliobaki walikuwa wamehamishiwa vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na miti iliyochongwa, wakitoka asubuhi kwa pasi ya ruhusa na kurudi kabla ya saa ya kufungiwa. Mimi nilitembea njiani nikisimamishwa na askari, nikitaja kwetu, nikiachiliwa. Nilizoea kuachiliwa upesi sana. Mtu anayeachiliwa kila siku huanza kudhani kwamba hatari ni hadithi ya watu wengine, na ujinga huo, naona sasa, ndio niliouvaa kwenda nao kazini.

Kazi yenyewe ilikuwa Ruiru, katika nyumba moja katikati ya shamba la kahawa, yenye mabati mekundu na veranda ndefu. Mzungu aliyeipanga hakuwa mkulima. Alikuwa mtu wa vitabu, mrefu, pua yake ikibambuka kila wiki kwa jua, na alikuja kutoka ng'ambo kuchunguza jambo moja tu: fikira zilianzia wapi. Je, mnyama anafikiri? Kama hafikiri, basi ni lini, katika safari ndefu ya viumbe, kitu kimoja kiliamka kikajua kwamba kipo? Wafanyakazi walimwita Bwana Akili, kwa sababu neno hilo lilikuwa mdomoni mwake kila siku. Ofisi yake ilinuka wino, ndizi zilizoiva kupita kiasi, na mkojo wa tumbili. Nyuma ya nyumba kulikuwa na banda kubwa la waya lenye kisiki cha mkuyu katikati, na ndani yake tumbili kumi na mmoja, kila mmoja na kibati cha nambari shingoni. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kiti nje ya waya na rejista magotini, kuandika waliyofanya na saa waliyoyafanya. Kazi ya Gitau ilikuwa kuwalisha, kuwafagilia, na kuwakamata walipotakiwa.

Ukutani ofisini Bwana Akili alikuwa amechora ngazi. Chini kabisa samaki, juu yake chura, kisha kuku, mbwa, tumbili, nyani, na juu kabisa mtu. Lakini juu hapo hapakuwa na kidato kimoja tu. Palikuwa na viwili, na kile cha chini hakikuandikwa jina. Wiki yangu ya kwanza nilimwuliza kwa Kiingereza hicho ni cha nani. Akakohoa, akajibu kwa Kiswahili chake cha shambani, alichopendelea kunisemesha nacho hata baada ya kujua kwamba Kiingereza nakielewa. "Hiyo hapana jua bado," alisema. "Hiyo sisi natafuta." Nilikubali jibu lile. Nilikuwa na sketi mpya na kalamu ya wino, nilikaa kwenye kiti wakati wanawake wengine walikuwa wamepinda migongo kwenye kahawa, na sikuona sababu ya kufikiria kwamba kidato kile kingeweza kuwa changu.

Gitau alikuwa na miaka kama thelathini, mwembamba, mwenye tabia ya kugusa mfuko wa shati kila baada ya muda. Humo aliweka pasi yake, ndani ya mkebe mdogo wa tumbako ili isiloe jasho. Mkewe Wambui na Njeri, ambaye alikuwa ndio kwanza anaanza kutembea, walikaa kijijini ng'ambo ya mto. Mchana tulikula pamoja nyuma ya stoo, tumekalia makreti, yeye na githeri yake ya baridi, mahindi na maharagwe, au viazi vitamu, mimi na ugali niliofungiwa na dada yangu, tukigawana chai kutoka mkebe mmoja wa maziwa ambao ukingo wake ulichoma midomo. Nilimwita Baba Njeri. Yeye aliniita mwari, kama wanavyowaita wasichana kwao. Bwana Akili aliwajua tumbili kwa nambari, lakini Gitau aliwapa majina, na jike mmoja mdogo, Nambari Saba, mwenye sikio lililopasuka, alimwita Wambura kwa kuwa aliletwa siku ya mvua. Wambura ndiye aliyemjia Gitau waya ulipofunguliwa, akapekua nywele zake akitafuta chawa ambao hawakuwapo, na Gitau alitulia kama mtu aliye kwa kinyozi.

Yeye ndiye aliyenifundisha kusikiliza. Asubuhi moja tumbili wote walipiga kelele kali, fupi fupi, wakatumbukia chini ya kibanda chao. "Angalia juu," Gitau aliniambia. Kulikuwa na tai. Siku nyingine kelele ilikuwa tofauti, ya kukatika katika, nao wakasimama kwa miguu ya nyuma wakikodolea majani, na ndani ya majani palikuwa na nyoka. "Ya chui ni ingine," alisema. "Hiyo wakisikia wanapanda mti mara moja. Unaona, mwari? Hii si kulia tu. Mmoja anaona, na yule ingine hajaona, lakini anajua ya kukimbilia. Ameambiwa." Niliyaandika hayo yote kwenye rejista, kurasa mbili nzima. Bwana Akili alizisoma jioni yake akiwa amesimama, kisha akazikata kwa wino mwekundu. "Hapana andika hiyo," alisema. "Hiyo kelele tu. Kama mtu nachomwa moto nasema ai. Hapana neno." Siku hizi mjukuu wangu, ambaye ni mwalimu, ananiambia kwamba jambo hilo la vilio vya tumbili limo katika vitabu wanavyosomesha. Alinieleza kwa furaha, akidhani ananipa habari. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Sikuwa na nguvu ya kumwambia kwamba nililisikia kutoka kwa mtu aliyekalia kreti, akimenya kiazi.

Halafu kulikuwa na siku ya ndizi. Wambura alikuwa wa chini katika kundi lile, na alichookota aliporwa na dume mkubwa, Nambari Mbili. Siku hiyo ndizi moja ilianguka karibu yake. Dume lilimwona, likaanza kumjia taratibu, bila haraka, kama mwenye mali. Wambura aliangalia ndizi, akaangalia dume, kisha akainua uso akapiga kile kilio cha tai. Wote walitumbukia chini ya kibanda, dume likiwa la kwanza. Mbinguni hapakuwa na kitu, hata wingu. Wambura peke yake hakukimbia. Alikaa palepale akala ndizi yake yote, akiangalia upande. Gitau alicheka mpaka akashika waya. Mimi nilibaki na kalamu hewani.

"Umeona hiyo?" alisema. "Anajua ati hawajui. Mwari, hiyo ni kitu kubwa. Kujua si kitu, hata kuku anajua mahindi iko wapi. Lakini huyu anajua ati mimi najua, na wewe hujui."

Nilikimbia kumwita Bwana Akili. Alikuja na saa yake ya kusimamisha, akarusha ndizi moja, mbili, saba. Wambura aliporwa zote bila kutoa sauti. Siku tatu mfululizo alikaa pale kwenye jua, pua ikibambuka, na hakuna kilichotokea. "Bahati tu," alisema mwishowe. Alipoondoka nilimwuliza Gitau kwa nini Wambura hakurudia. "Mbele ya watu wote wameamka hivyo? Angerudia angekuwa mjinga," alisema, akaendelea kufagia.

Nimekaa na siku hiyo ya ndizi maisha yangu yote, nikiwa kwenye laini ya kiwanda, nikiwa nanyonyesha, nikiwa nimelala hospitalini baada ya upasuaji wa macho. Bwana Akili alitafuta mahali fikira zilipoanzia katika makopo mawili aliyowajaribia tumbili kwa karanga, akifunika na kufunua, akihesabu sekunde. Sidhani alikuwa mtu mbaya. Aliwapenda wale tumbili kwa namna yake, na mmoja alipougua alikaa naye akimnywesha maziwa kwa kitambaa. Lakini alitaka akili ijitokeze mbele yake ilipoitwa, isimame, itaje jina lake. Hakuwahi kufikiri kwamba katika nchi ile, mwaka ule, jambo la kwanza ambalo kiumbe mwenye akili angefanya ni kuificha.

Katikati ya mwaka lilifika sanduku kutoka ng'ambo. Ndani yake mlikuwa na ubao wenye matundu ya maumbo mbalimbali, mviringo, pembetatu, nyota, na vipande vya mbao vya kuingia humo. Bwana Akili aliomba ruhusa kwa mwenye shamba, na wafanyakazi wakaitwa verandani mmoja mmoja kuupanga ule ubao, yeye akishika saa na mimi nikiandika. Mimi ndiye niliyejaribiwa kwanza. Niliumaliza upesi, akanisifu, nikajisikia vizuri, na sioni haya kukiri hivyo kwa kuwa nimeshakiri mabaya zaidi. Kisha walikuja wavunaji, mpishi, mwangalizi wa ng'ombe. Wengine walifaulu, wengine waliogopa saa ile wakaangusha vipande. Gitau alikuja mwisho. Alikaa, akachukua pembetatu, akaisukuma kwenye tundu la mviringo. Akaisukuma tena. Akaigeuza, akainusa, akacheka kicheko ambacho sikuwahi kumsikia nacho, cha mdomo wazi. Aliweka nyota juu ya kipande cha mviringo. Muda ulipokwisha hakuwa ameingiza hata kipande kimoja. Huyu alikuwa mtu aliyetengeneza pampu ya maji ya nyumba ile kwa kuisikiliza tu, sikio lake likiwa kwenye bomba. Niliandika sufuri mbele ya jina lake.

Mchana, kwenye makreti, nilimwuliza. "Baba Njeri, kwa nini ulifanya vile?"

"Macho," alijibu. "Yananisumbua siku hizi."

"Macho yako hayana kitu."

"Mwari, kula ugali yako."

Hakuniamini. Hilo ndilo lililoniuma, na nalisema waziwazi kwa kuwa mtu anaweza kudhani nilisema niliyosema kwa ajili ya haki tu. Miezi yote ile ya chai kwenye mkebe mmoja, na bado alinifungia mlango. Alasiri hiyo Bwana Akili alikaa mezani akiangalia orodha, akasema, kama mtu anayejisemea, kwamba yule mtu wa banda alikuwa nyuma ya Nambari Saba. "Tumbili napita yeye," alisema. Alinyoosha mkono kuelekea ngazi ya ukutani, kile kidato kisicho na jina, na nikaona kalamu yake inakwenda kukiandika.

"Gitau si mjinga," nilisema. "Gitau ana akili kuliko sisi wote hapa. Anajifanya."

Aligeuka. Sijawahi kuona uso wa mtu ukifurahi namna ile. "Najifanya? Kwa nini?"

"Sijui. Lakini anajifanya. Muulize pampu ilitengenezwa na nani. Muulize nani alinifundisha yale ya vilio." Niliongea kwa muda mrefu. Nilimweleza kila kitu ambacho Gitau alikuwa amewahi kuniambia kuhusu wanyama, mmoja baada ya mwingine, na yeye aliandika, hakukata hata neno moja kwa wino mwekundu. Nilitoka ofisini nikiwa nimesimama wima. Nilidhani nimemtetea.

Jumamosi iliyofuata Bwana Akili alikuwa na mgeni wa chakula cha mchana, afisa kijana wa polisi aliyekuwa akihusika na kuwahoji watu katika kambi ya karibu. Mlango kati ya ofisi na chumba cha kulia ulikuwa wazi, nami nilikuwa nikipanga karatasi za wiki. Walikula kondoo na viazi, nakumbuka harufu ya mnanaa. Waliongea Kiingereza. Bwana Akili alisimulia habari ya Gitau kama mtu anayesimulia samaki mkubwa aliyemvua, jinsi alivyojifanya mpumbavu, kicheko na yote, na jinsi jambo hilo lilivyoharibu nadharia yake kwa namna ya kupendeza. Afisa hakucheka. Nilisikia uma ukiwekwa kwenye sahani. Aliuliza mtu huyo anaitwa nani, anatoka kijiji gani, alihojiwa mara ya mwisho lini. Alisema mtu anayeficha akili ana kitu kingine anachoficha. Bwana Akili alijibu maswali yote, halafu akamkaribisha pudini ya baada ya mlo.

Nilikuwa na nafasi. Gitau alikuwa bandani, hatua hamsini kutoka pale, akisafisha mabirika ya maji. Ningeweza kutoka nikamwambia aende, apotelee popote. Nilisimama hata. Lakini nilijiambia ni mazungumzo ya mezani tu, kwamba Bwana angemtetea, kwamba nikimwambia nitalazimika kumweleza habari ilianzia kwa nani. Nikakaa tena. Nikamaliza kupanga karatasi. Zilikuwa thelathini na mbili, na zilikuwa zimepangwa vizuri sana.

Walikuja Jumatatu asubuhi, Landrova moja, askari wawili, yule afisa, na mtu aliyevikwa gunia kichwani lenye matundu mawili ya macho. Gitau alikuwa ndani ya waya, Wambura begani. Mwenye gunia aliangalia muda mrefu, akaitikia kwa kichwa. Kazi yake ilikuwa kuwachongea wenzake kwa kuitikia. Gitau alimshusha Wambura, akatoka, akatoa mkebe wa tumbako akaufungua, na afisa akauchukua pasi na yote bila kuisoma. "Wewe najifanya mjinga," afisa alimwambia. Gitau alitoa kile kicheko cha mdomo wazi mara moja tena, kidogo, kisha akakiacha kikafa. Uso wake halisi ukarudi. Nilikuwa nimesimama na rejista yangu. Aliniambia, kwa sauti ya kazi, "Nambari Saba bado hajakula. Mpe ndizi iliyoiva, ile ngumu hataki." Wakamfunga mikono.

Nilimwendea Bwana Akili siku hiyo hiyo. Nilimkuta amekaa kitandani chumbani kwake na viatu mkononi, amepauka. Nadhani hakutarajia. Nilimwambia aandike barua, aseme Gitau ni mfanyakazi mzuri, hana neno. Alisema ameshasema hivyo, afisa hasikii. Nikamwambia, "Basi mwambie nilidanganya. Gitau ni mjinga kweli. Mimi nilitunga yote."

Aliniangalia. Uso wake ulikuwa na huzuni ya kweli, lakini ndani ya huzuni ile nikaona kitu kingine kinawaka polepole, ile furaha niliyoijua. "Sasa ndio wewe nadanganya," alisema kwa upole. Akavuta daftari lake dogo kutoka mfukoni, akaandika mstari mmoja. Nilisimama pale nikimwona akiniandika.

Wambura hakula. Ndizi zilizoiva zilioza mbele yake. Alikaa kwenye pembe ya waya iliyoelekea njia ambayo Gitau alikuja nayo asubuhi, na kila aliyepita njia hiyo alimfanya anyanyuke, aangalie, akae tena. Kwenye rejista, chini ya Nambari Saba, niliandika: anamngoja Gitau. Bwana Akili alikata. "Ngoja ni kitu ya mtu," alisema. "Mnyama hapana ngoja. Ngoja ni kufikiri kesho. Andika, hapana kula."

"Basi anafikiri kesho," nilisema.

"Wewe najua vipi?"

"Na wewe unajuaje kama mimi ninamngoja?"

Akafunga rejista. Siku ya pili niliandika maneno yale yale, akakata. Siku ya tatu, ya nne. Siku ya tisa aliniita, akanipa barua nzuri ya sifa, akasema nina akili lakini sina nidhamu ya kazi hii, na kwamba ananitakia mema. Nadhani alikuwa ananitakia kweli. Nilirudi Thika, nikapata kazi ya kumenya mananasi kiwandani, na mikono yangu ililiwa na maji yale mpaka ngozi ikatoka. Sikulalamika. Miezi michache baadaye nilikutana na mpishi wa Ruiru sokoni. Alinieleza kwamba Wambura alikufa wiki mbili baada ya mimi kuondoka, kwamba Bwana alimpasua kichwa, na ubongo wake aliuweka ndani ya chupa yenye dawa, akaandika nambari juu yake, akaondoka nao nchini pamoja na vitabu.

Gitau alirudi kutoka kambini baada ya miaka mitatu, sikio moja likiwa halisikii. Alipata kazi ya kutengeneza mapampu na mashine za kusaga, akanunua kiploti Kimbo, akasomesha watoto watano. Tulikutana sokoni Thika mara moja au mbili kwa mwaka, kwa miaka zaidi ya hamsini. "Habari, mwari." "Nzuri, Baba Njeri." Tuliulizana watoto, mvua, bei ya sukari. Kila mara nilisema nitamwambia safari ijayo. Sijui kama kuna kiumbe mwingine duniani anayeweza kubeba jambo moja namna hiyo, asilile wala asilitupe. Labda hicho ndicho kidato cha juu ambacho Bwana Akili alikitafuta. Kama ndicho, sioni cha kujivunia.

Wiki tatu kabla ya mazishi Njeri alinipigia simu, akasema baba ananiulizia. Nilikwenda mchana. Chumba chake kilikuwa na kitanda, redio iliyofunikwa kitambaa, na dirisha lililoangalia ukuta wa jirani. Alikuwa amebaki mifupa na macho. Njeri alitupa chai, kisha akatoka kwenda dukani, na nilijua kwamba sina safari ijayo. Nilimwambia. Nilimwambia yote, ofisi, kondoo, karatasi thelathini na mbili, nikiinamia upande wa sikio lake zuri na kupaza sauti, kwa hiyo niliyaungama kama mtu anayetangaza.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Yule afisa aliniambia siku ya kwanza. Alisema msichana wa Bwana amesema wewe una akili kuliko sisi wote. Walicheka sana."

"Mbona hukuniambia, miaka hii yote?"

"Ungeifanyia nini?" Alipumzika, pumzi zikitafutana. "Nilikukasirikia, mwari. Nakusalimia pale sokoni, na hapa ndani ni moto. Miaka mingi. Halafu nikachoka. Si ati nilikusamehe. Nilichoka tu."

Nilisema nimesikia. Tulikunywa chai, yaani mimi nilikunywa, na nikamshikia kikombe chake akalowesha midomo. Nje watoto walikuwa wanagombania baiskeli. Nilidhani amelala, kisha akasema bila kufungua macho, "Wambura alienda wapi?"

Nilikuwa nimekuja pale kusema ukweli, na nilikuwa nimeusema mpaka koo likaniuma.

"Nilimfungulia," nilisema. "Siku yangu ya mwisho."

Alifungua macho. "Ufunguo ulitoa wapi?"

"Bwana aliusahau mezani."

Ufunguo wa banda Bwana Akili aliuvaa shingoni kwa kamba. Kila asubuhi alitufungulia mwenyewe, na hakuwahi kuuvua, hata akioga. Gitau alijua hivyo, nami nilijua kwamba anajua. Aliniangalia muda mrefu, kwa macho yale ya mtu anayesikiliza bomba. Nilimwangalia pia. Sikuondoa uso.

"Akaenda upande gani?" aliuliza.

"Upande wa mto."

Aligeuza kichwa juu ya mto wa kitanda, akatafuta mahali pazuri, akafumba macho.

"Endelea," alisema.

Nikaendelea.